MSIMUONEE MPIGA DRAMU, HAIHATI NDIYO HAIJASETIWA

Ile klipu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu wikiendi mnaijua. Bendi iko stejini, mwimbaji kapendeza, watu wanacheza, halafu nyuma kuna "tsssss" isiyoisha kama jiko la gesi linavuja. Wananzengo wakashuka na hukumu: mpiga dramu hajui, arudi kwenye kwaya yao. Wengine wakamtag mpaka bosi wake. Na tetesi zinasema Ijumaa hii kwenye kile kiti atakaa mtu mwingine.

Jamani, hapana. Dogo kaonewa mchana kweupe.

Iangalieni tena, safari hii muacheni mwimbaji, tazameni mguu wa kushoto wa jamaa. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga, kwenye taimu kabisa. Mguu unasema funga, spika zinasema wazi. Sasa hapo kosa la nani?

Zile siyo dramu za kawaida, ni za umeme. Na wenye kumbi wanazipenda, hasa tangu NEMC iwashikie bango watu wa baa kuhusu kelele, maana hizi sauti unaishusha kwa kitufe tu. Pedi zenyewe hazina mlio wa maana. Zinatuma ujumbe wa MIDI kwenda kwenye laptop, kule kuna programu yenye sauti zilizorekodiwa kutoka dramu halisi, na yenyewe ndiyo inachagua itoke ipi. Kwa kiki ni rahisi, unapiga inalia. Haihati ndiyo mtihani. Yale matoazi mawili yanaweza kuwa yamefungwa, yameachia kidogo, nusu, au wazi kabisa, na bado kuna ule mlio wa mguu peke yake bila stiki kugusa kitu.

Programu inajuaje mguu uko wapi? Kwa namba. Pedali ikisogea, moduli inatuma namba kati ya 0 na 127 kwenye njia inayoitwa CC4. Moduli nyingi ukiachia mguu ni 0, ukikanyaga namba inapanda. Sasa kuna programu inayosubiri kinyume chake, usipoigeuza ukifunga yenyewe inafungua. Halafu kuna moduli ambazo ukikanyaga mpaka mwisho hazifiki 127, zinaishia kwenye 90 hivi. Programu inaona mguu haujafika chini, inaacha toazi livuje. Hiyo inatosha kabisa kutoa "tsssss" kama ile mliyoicheka usiku kucha.

Na hapo bado ramani ya noti. Kwa kawaida haihati iliyofungwa ni noti 42, ya mguu 44, iliyo wazi 46. Lakini moduli za Roland zinatumia pia 22 na 26 kwa ukingo wa toazi. Mtu wa laptop akichagua ramani isiyo ya hizo pedi, ukingo unaweza kulia kitu cha ajabu au usilie kabisa.

Kurekebisha siyo kazi ya siku nzima. Unaanza na moduli kabla ya kugusa laptop: toazi la juu likae kwa uzito wake, unakalibreti. Kisha unachagua ramani ya moduli yako kwenye programu, unakanyaga taratibu huku unaangalia namba, na pale mwisho unaacha nafasi kidogo, kwa sababu saa saba usiku hakuna mguu unaokanyaga kama ulivyokanyaga saa tatu. Mkimaliza hapo mtazame na bafa. Ikiwa sampuli 128 kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 3 tu. Ukiiacha 1024 ni milisekunde 23, na mpigaji lazima aonekane mlevi.

Haya, inasemekana fundi wa laptop alifika watu wameshakaa, akachomeka waya, akasepa zake kaunta. Hela ya kuseti kalipwa yeye, matusi kapewa mwingine.

Mpiga dramu naye asijifanye malaika. Ukishakubali kukalia dramu za umeme, setingi zako unazihifadhi, unatembea nazo kwenye flashi, na haihati ikivuja unasema kabla ya wimbo wa kwanza. Kukaa kimya ni uoga, huo tukubaliane. Ila uoga na kutojua kupiga ni kesi mbili tofauti.

Kwa hiyo bosi, kabla hujampa mtu mwingine kile kiti, waweke hao wawili pamoja saa moja kabla mlango haujafunguliwa, laptop mezani na pedali chini ya mguu wa dogo. Ikivuja tena baada ya hapo, mfukuze.

Komenti ziko wazi wadau, ila angalieni mguu kwanza.