Tusiuze Korosho na Ganda Lake

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, kila msimu tunashona magunia ya korosho ghafi, yanapakiwa melini na kwenda zake India na Vietnam. Tunadhani tumeuza korosho. La! Tumeuza na ganda, tena ganda hilo tumelitoa bure.

Muulizeni mama yeyote abanguaye kwa mkono. Kabla ya kushika kazi hujipaka mafuta au majivu viganjani, maana utomvu wa ganda hubabua ngozi mpaka ikachunuka. Utomvu huo umwunguzao ndio mali ninayoisemea. Ukichemshwa hutoa kadanoli, kemikali inayoshika nafasi ya fenoli itokanayo na mafuta ya kuchimbwa. Huingia katika breki za magari, rangi za kuzuia kutu, vanishi na gundi za mbao, vitu ambavyo sisi tunaviagiza kwa fedha za kigeni!

Katika tani moja ya korosho ghafi, kilo 700 hivi ni maganda, nayo yakikamuliwa vizuri hutoa zaidi ya kilo 100 za mafuta. Wako wanaobangua hapa hapa nchini ambao huyatia maganda tanurini yangali na utomvu wake, moshi ukawakaba majirani. Kwa nini wasiyakamue kwanza? Mashudu yake bado huwaka.

Najua nitajibiwa kwamba viwanda vya korosho tulishajenga zamani, vikageuka maghala. Kweli, na mashine zake zilivunja lozi nyingi. Lakini tuitaje na sababu kubwa: mavuno yalishuka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi kama 16,000 msimu wa 1986/87. Wakulima walihamishwa wakaacha mikorosho yao mbali, bei ikawa duni, ubwiri unga ukamalizia. Viwanda vingebangua nini? Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000. Udhuru huo umekwisha.

Basi vyama vya ushirika vianze na maganda yaliyokwisha kurundikana kwa wabanguaji, wala visingoje mfadhili. Wenye viwanda vya rangi na gundi nao wayajaribu mafuta haya kabla ya kuagiza ng'ambo. Mashine ya kuanzia haina ugeni: hukamua kwa parafujo kama ile ya alizeti. Ila anayeilisha avae glavu, na ikishakamua ganda la korosho isirudishwe kamwe kwenye mafuta ya kula.