Usiyaamini Maji kwa Weupe Wake

Kila kipindupindu kikibisha hodi Dar es Salaam, maneno huzunguka vibarazani kabla boza la maji halijafika mtaani.

Linaloanza ni hili: kisima chetu maji yake meupe, hayanuki, tunayanywa miaka yote. Bakteria wa kipindupindu hana rangi wala ladha. London mwaka 1854, mjane mmoja wa Hampstead aliyapenda mno maji ya pampu ya Broad Street, hata akawa analetewa kwa mkokoteni. Miezi mingi hakuwa amekanyaga mtaa ule, lakini maji yake yalimuua. Daktari John Snow alikitumia kisa hicho kama ushahidi, na baadaye likagunduliwa shimo la maji machafu likivujia kisimani. Hebu pimeni hatua kutoka kisima chenu hadi choo cha jirani.

"Wazee wetu walikunywa ya mtoni na hawakuugua." Wanaosimulia ni waliopona. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwapo, aliandika kitabu kizima kuhusu njia zilizokileta.

Wengine husema wanachemsha, basi. Ni vizuri, ila tazama kinachofuata. Maji yaliyopoa yanamiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko. Mtoto anatoka kucheza, anachovya kikombe, na vidole vitatu vinazama nacho. Mkaa umeteketea bure. Ndoo yenye mfuniko na koki ndiyo inayolinda kazi ya jiko. Kidonge cha klorini nacho kina masharti: kisubiriwe nusu saa, na maji ya tope yachujwe kwanza, maana tope huimaliza nguvu ya dawa.

Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba mvua kubwa husafisha mtaa. Wapo wenye nyumba wanaoisubiri mvua hiyo usiku ili watapishe vyoo. Uchafu hauendi moja kwa moja baharini. Unapita kwanza mlangoni kwa aliye bondeni, unaingia kisimani mwake na kuzunguka bomba lililopasuka. Maji yakikatika na presha ikishuka, bomba hilo hunyonya kilicho nje yake. Nakubali kwamba gari la kunyonya maji taka haliingii vichochoroni, na malipo yake ni mzigo. Hilo ni la kuwadai wenye mamlaka. Jirani hajakosa lolote.

Na eti kinyesi cha mtoto si uchafu! Watoto ndio wanaohara zaidi. Kitupwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, majivu.

Limebaki la hatari: kwamba watu wa afya ndio wanaoleta ugonjwa. Aprili 2024 huko Msumbiji, uvumi kuhusu kipindupindu uliwatia watu hofu wakakimbia Lunga kwa boti ya uvuvi iliyojaa kupita kiasi. Ilizama karibu na Ilha de Moçambique, wakafa zaidi ya 90, wengi wao watoto. Ugonjwa wenyewe waliokuwa wakiukimbia, mgonjwa akiwahishwa akapewa maji ya ORS, na dripu akizidiwa, hauui hata mmoja katika kila 100.