Asembla Si Hakimu

Wacha niseme bila kuzunguka mbuyu: asembla ikikuandikia kwamba agizo halitambuliki, haijasema lolote kuhusu prosesa yako. Lakini wakubwa wetu wa teknolojia huisoma sentensi hiyo kama hukumu ya korti.

Chukua RISC-V. Kwa miaka mingi, ukitaka kujua programu yako inaendeshwa na kiini kipi, uliandika csrr a0, mhartid, na mambo yakaenda. Kisha 2022 ikaja binutils 2.38, na ghafla asembla ikajifanya haijawahi kusikia agizo hilo. Prosesa ni ileile. Msimbo ni uleule. Kilichobadilika ni karatasi: kiwango cha 2019 kiliyatoa maagizo ya csr kwenye seti ya msingi na kuyapa jina lao, Zicsr. Agizo la fence.i nalo likaitwa Zifencei. Sasa ukiandika -march=rv32imac kama zamani, asembla inasoma orodha, haioni jina, inafunga mlango. Chipu haijaguswa hata kidogo. Hata kerneli ya Linux ilibidi irekebishwe mwaka huohuo.

Dawa yenyewe? -march=rv32imac_zicsr. Kama unatumia fence.i, ongeza _zifencei. Basi.

Sasa nauliza: mbona mwanafunzi akikwama hapa, jibu la kwanza ni "hujui kuandika msimbo" ama "nunua bodi nyingine"? Bodi ya pesa ya nani, bana? Uliza kwanza ni nani amekataa: asembla, ama chipu yenyewe? Toleo la zana ni lipi? -march inasema nini? Kitabu cha prosesa kinasema nini?

Mtasema asembla inatukinga, kwamba ikiachilia agizo ambalo chipu haina, programu itaanguka. Kweli kabisa. Askari wa geti ana kazi yake. Lakini akuambie "jina lako haliko kwenye orodha," asikuambie eti hakuna mtu kama wewe. Walioitengeneza wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana matoleo ya baadaye hutaja kiendelezi kinachokosekana.

Mimi niliacha chuo kikuu bila cheti. Kila nikiomba kazi naulizwa karatasi kabla sijaulizwa ninachoweza, kwa hivyo msiniambie kutoorodheshwa na kutoweza ni kitu kimoja. Mkifundisha, fundisheni watu kukagua orodha kwanza. Lawama zinaweza kungoja.