Rangi mpya haiponyi ubao uliooza

Ukitembea asubuhi katika mialo ya Ziwa Victoria, iwe Ggaba au Katosi, hutakosa kuona boti iliyopakwa rangi juzi na kuegeshwa mahali ambapo kila mpita njia ataiona. Hiyo inauzwa. Swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi ni hili: chini ya rangi hiyo kuna nini?

Binamu yangu hakuuliza. Miaka michache iliyopita alichukua akiba yake pamoja na mkopo wa kikundi, akanunua boti ya mbao iliyokuwa iking'aa. Wiki ya tatu, wakiwa mbali na ufuko, mbao mbili karibu na mkuku ziliachana. Wavuvi wenzao waliwaokoa, lakini boti na nyavu vilipotea. Mkopo ukabaki. Kumbe rangi ile ilificha vipande vya bati na lami vilivyobandikwa juu ya ubao uliooza.

Muuzaji alipofuatwa alijibu kwamba kila mtu hufanya hivyo. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu.

Sipingi mtu kuuza boti yake kwa faida. Ninachopinga ni kuita hila matayarisho. Kutayarisha boti ni kuitoa majini, kuisafisha ndani na nje, na kuiacha ikauke. Kisha fundi aigonge kwa nyundo ubao kwa ubao. Ubao mzima hulia. Uliooza hutoa sauti nzito, na ncha ya kisu huzama ndani yake. Misumari iliyoliwa na kutu ing'olewe, na pamba iliyochakaa katika maungio ibadilishwe. Rangi ije mwisho.

Injini nayo iwe na bei yake peke yake. Iwashwe mbele ya mnunuzi ikiwa baridi, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Oili ya giaboksi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na ukarabati unahitajika.

Na bei je? Wengi hutaja kiasi walichonunulia, au kiasi cha ada ya shule wanayodaiwa. Hiyo si bei, ni shida ya mtu. Tuchukue mfano. Tuseme boti mpya ya ukubwa huo kwa fundi ni shilingi milioni 4 na hudumu miaka 8. Yako ina miaka 5, hivyo imebakiza 3. Thamani yake ni milioni 1.5. Ikiwa mbao, misumari na ufundi vitagharimu 400,000, una njia mbili za haki: itengeneze uuze milioni 1.5, au mwonyeshe mnunuzi ubovu uuze milioni 1.1. Kupaka rangi juu ya ubovu na kudai milioni 2 ni wizi.

Urefu na karatasi pia ni sehemu ya bei. Jeshi lilipoanza operesheni zake ziwani mwaka 2017, boti nyingi zilizopungua futi 28 zilichomwa moto. Kumuuzia mtu boti ambayo sheria haiitambui, bila kumwambia, ni kumuuzia kuni.

Wapo watakaosema mnunuzi afungue macho mwenyewe. Ni kweli, lakini abiria na vibarua hawakuwapo siku ya mapatano, na ndio wanaozama. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama Mukono na kuua watu zaidi ya 30. Haikuwa na leseni na ilijaza watu kupita kiasi. Sisemi iliuzwa kwa hila. Nasema tu kwamba ziwa halisamehe chombo kisichokaguliwa.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa mialo waweke utaratibu mmoja mwepesi: boti isibadilishe mikono ikiwa majini. Ivutwe nchi kavu, fundi asiye wa upande wowote aipige nyundo, na ubovu wote uandikwe katika hati ya mauziano mbele ya mashahidi. Gharama yake haifikii bei ya kopo moja la rangi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Boti nzuri haiogopi nyundo.