Mwezi Hurudi

Nina bahasha ya picha 36 ambayo imekaa sandukuni mwangu tangu mwaka 1997. Picha zote zinafanana: weusi mtupu, na katikati kidoa cheupe kama punje ya wimbi. Kidoa hicho ni mwezi wa kumi na nne, nilioupiga picha ufuoni Mombasa, mama mzazi akiwa ameketi mkekani kando yangu.

Mama alikuwa amenitembelea kutoka bara. Alipoona mwezi ukichomoza kutoka baharini, jambo ambalo hakuwa amelishuhudia maishani mwake, alicheka kama mtoto. Mimi nilikuwa nikihangaika na kamera. "Ngoja kidogo, mama," nilimwambia, mpaka filamu ikaisha. Mama alifariki mwaka 1999. Katika picha hizo 36, hayumo hata katika moja.

Kwa hivyo leo nakupa mambo mawili ambayo niliyajua nikiwa nimechelewa.

La kwanza, usidanganywe na giza. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Ni jiwe linaloangazwa na jua, sawa na jiwe lililo uani kwako saa sita mchana. Kamera ikiona weusi mwingi huchukua mwanga kupita kiasi, na mwezi hutoka kidoa cheupe. Ikiwa kamera yako hurekebishwa kwa mkono, weka tundu la lenzi kwenye 11, na kwa filamu ya 100 ifunguke kwa 1/125 ya sekunde. Mwenye simu auguse mwezi kwenye kioo, kisha apunguze mwangaza hadi yale madoa meusi yaonekane. Madoa hayo ni nyanda za mawe ya volkano, na katika mojawapo ndipo Wamarekani walipotua mwaka 1969. Flashi izime. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Flashi yako itafika wapi?

Tena, macho hutuambia kuwa mwezi unaochomoza ni mkubwa kama sinia. Kamera haidanganyiki. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 huuchora mwezi usiofika nusu milimita kwenye filamu. Ndiyo asili ya punje yangu ya wimbi! Ukitaka mwezi mkubwa, tafuta lenzi ndefu, na uiegemeze kamera mahali isipotikisika.

La pili, na ndilo kubwa, usingoje usiku. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku. Mwezi mpevu huchomoza jua likitua, lakini jioni moja kabla yake huchomoza jua lingali juu. Hiyo ndiyo jioni yako. Waite wazee na watoto, wapange wakiupa mwezi mgongo, nawe utazame mashariki. Jua la magharibi litaangaza nyuso zao, na mwezi utaonekana juu ya mabega yao. Uso na mwezi vyote vitatoka katika picha moja.

Ninyi mlio pwani, kumbukeni kwamba siku hizo ni za bamvua. Maji hupwa mbali na hujaa kwa nguvu, kwa hivyo watoto wasiachwe peke yao ufuoni.

Piga picha mbili tatu, kisha iweke kamera chini, uketi mkekani pamoja nao. Usiku huo mama alikuwa akinisimulia jinsi walivyokuwa wakicheza kwenye mbalamwezi utotoni mwake. Nilisikia nusu tu, maana jicho langu lilikuwa kwenye kamera.

Ukiukosa mwezi leo, msomaji, usihuzunike. Utarudi ukiwa mpevu baada ya siku 29 na nusu, kama ulivyorudi tangu enzi za mababu. Anayekaa kando yako mkekani ndiye asiye na ratiba.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.