Nani Aongeze Neno Kwenye Orodha?

Programu za kufuatilia tiketi za kazi, kama Jira ya kampuni ya Atlassian ya Australia, iliyotoka mwaka 2002, au Redmine ya mwaka 2006, huiruhusu ofisi kujitengenezea visanduku vyake kwenye fomu: mteja, kifaa, chanzo cha hitilafu. Vingi kati ya hivyo huwa na orodha ya machaguo, na kwa desturi anayeigusa orodha hiyo ni msimamizi wa mfumo peke yake. Anayejaza tiketi huchagua alichokikuta.

Tatizo huonekana siku simu mpya inapoingia sokoni. Mhudumu wa dawati la msaada anapokea lalamiko kuhusu simu ambayo haimo kwenye orodha ya "Kifaa". Anaweza kumwomba msimamizi aiongeze, lakini mteja yuko hewani anasubiri, basi anachagua "Nyingine" na kuendelea. Chaguo jipya linapoingizwa baada ya wiki mbili, hakuna anayerudi kuzisahihisha tiketi zilizofungwa. Mwisho wa mwezi "Nyingine" ndiyo inayoongoza ripoti, na fundi anayeisoma hajui aanzie simu gani.

Wasimamizi nao hawashikilii ufunguo kwa uchoyo. Katika Jira, kisanduku kimoja kinaweza kutumiwa na miradi mingi, hivyo neno lililoguswa kwa ajili ya timu moja huwagusa wote wanaotumia orodha ileile. Kila mtu akiachiwa aandike, "Galaxy A15", "A15" na "Samsung A 15" zitakaa kwenye orodha moja na kuhesabiwa kuwa simu tatu.

Lakini katika Jira kuhariri orodha si kazi moja. Kuongeza chaguo hakuharibu kilichokwisha kuandikwa. Kulizima pia ni salama: halitokei tena kwenye tiketi mpya, za zamani zinabaki nalo. Kubadilisha jina ni jambo jingine kabisa, kwani tiketi za miaka iliyopita nazo hubeba jina jipya, na vichujio vilivyohifadhiwa kwa jina la zamani hukwama. Kufuta ndiko kubaya zaidi, maana jibu lenyewe hutoweka kwenye tiketi. Kazi mbili za kwanza hazina sababu ya kumsubiri msimamizi wa mfumo. Mbili za mwisho zibaki kwake.

Mfano wa kugawa madaraka hivyo umo tayari ndani ya programu zenyewe. Katika Jira, orodha za matoleo na za vipengele vya mradi huendeshwa na msimamizi wa mradi, na Redmine humwachia kiongozi wa mradi matoleo na makundi ya tiketi. Ndiyo maana timu nyingine hugeuza orodha ya vipengele kuwa orodha ya wateja: si mahali pake, ila ndipo wanaporuhusiwa kuandika.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko zote ni kumpa mhudumu haki kamili za usimamizi ili tu aongeze jina la simu. Haki hizo huja na uwezo wa kubadilisha ruhusa za watu na mtiririko mzima wa kazi. Msimamizi aliyekataa kugawa orodha moja kwa kuogopa vurugu hujikuta amegawa mfumo wote.