Timu Changa Haihukumiwi Kabla ya Msimu



  Ndugu wahariri wa jarida letu wameniomba niandike machache kwa ajili ya wanafunzi na wazazi wao. Nimeona niandike juu ya mpira wa kikapu. Msishangae, wazazi wangu. Ushabiki wa michezo umeshaingia majumbani mwetu, na jambo lililoingia nyumbani halifai kuachwa bila ya kuzungumzwa.

Mwezi wa Mfungo Sita mwaka 1444, yaani Oktoba 2022, nilikuwa nimekaa barazani baada ya sala ya Isha. Vijana sita au saba walikuwa wakibishana. Zilibakia siku chache tu kabla ya msimu wa ligi ya NBA ya Marekani kuanza, na swali lao lilikuwa moja: Oklahoma City Thunder, ile timu ya watoto, itafika wapi mwaka huu?

Wengi walisema haifiki popote, na hoja walikuwa nazo. Msimu uliopita timu hiyo ilicheza mechi 82 ikashinda 24 tu. Tarehe 2 Desemba 2021 ilifungwa na Memphis Grizzlies pointi 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73! Haijawahi kutokea kubwa kama hiyo katika historia ya ligi ile. Juu ya hayo, kijana wao mrefu, Chet Holmgren, aliyechaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa mwaka 2022, alikuwa ameumia mguu mwezi Agosti hata kabla ya kucheza mechi moja ya ligi. Msimu mzima angeukosa. "Hata nguzo yao imevunjika kabla nyumba haijajengwa," alisema mmoja, na baraza zima likacheka.

Aliyeitetea timu ile alikuwa kijana mmoja tu. Alisema, "Wengi wao hawajafika hata miaka ishirini na tano. Mnamhukumu vipi mtu ambaye bado anajifunza?" Wakamcheka. Mwenzake mmoja akatoa simu akamwambia, "Kama kweli unawaamini, weka elfu kumi tutengeneze mkeka." Yule kijana akatia mkono mfukoni. Mimi nilijua elfu kumi ile ilikuwa ya nini. Mama yake alimpa jioni ile alipe ada ya mtihani. Ikabidi niingilie kati, na mjadala ukaishia hapo.

Ndugu msomaji, yaliyofuata yameshajulikana. Msimu ule wa 2022–23 timu ya watoto ilishinda mechi 40. Uliofuata ikashinda 57 na kuongoza timu zote za upande wa Magharibi. Msimu wa 2024–25 ikashinda mechi 68, na tarehe 22 Juni 2025 ikaifunga Indiana Pacers 103 kwa 91 katika mechi ya saba ya fainali na kutwaa ubingwa. Ni miongoni mwa timu changa kuliko zote zilizowahi kutwaa ubingwa wa ligi hiyo. Na yule Holmgren, nguzo iliyochekwa, alikuwamo uwanjani.

Je, hii ina maana kwamba yule kijana alikuwa na elimu ya ghaibu? Hasha. Hakusema kwamba watakuwa mabingwa. Alisema tu kwamba ni mapema mno kuwahukumu. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na ningeisimamia hata kama timu ile ingeendelea kufungwa hadi leo.

Tutazame kwanza kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu watu hudhani mafanikio huanguka kama embe. Mwaka 2019 timu ile ilimtoa nyota wake Paul George akaenda Los Angeles Clippers. Katika mapatano hayo ilipata haki za kuchagua wachezaji wapya katika miaka ya mbele, pamoja na kijana aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu katika ligi, Shai Gilgeous-Alexander, ambaye wastani wake ulikuwa chini ya pointi 11 kwa mechi. Moja ya haki zile ndiyo iliyomleta Jalen Williams mwaka 2022, aliyechaguliwa wa 12. Kocha, Mark Daigneault, alipewa timu mwaka 2020, na misimu miwili ya mwanzo alishinda mechi 22 kisha 24. Hawakumfukuza. Naye Gilgeous-Alexander akafikia wastani wa pointi 32.7 na kuwa Mchezaji Bora wa msimu wa 2024–25. Tangu siku alipofika mpaka siku ya ubingwa ni takriban miaka sita. Ni nani kati yetu anayemvumilia mwanawe miaka sita?

Lakini ndugu zangu, nisije nikaeleweka vibaya. Yupo shabiki mwingine ambaye naye hukosea, nalo ni kosa la upande wa pili: yule anayewavisha vijana taji kabla hawajalipata. Timu hii hii inatupa mfano. Msimu wa 2008–09 ilianza kwa kushinda mechi 3 na kufungwa 29. Mwaka 2012, vijana wale wale waliochekwa walifika fainali. Kevin Durant na Russell Westbrook walikuwa na miaka 23, James Harden miaka 22. Walishinda mechi ya kwanza, kisha Miami Heat ikawafunga nne mfululizo. Kila shabiki alisema hawa bado wadogo, watarudi mara nyingi tu. Haikuwa hivyo. Oktoba mwaka ule ule, siku chache kabla ya msimu, Harden alipelekwa Houston. Mwaka 2016 Durant akaondoka. Wote watatu kila mmoja kwa wakati wake alikuja kuwa Mchezaji Bora wa ligi, lakini pamoja hawakuiona fainali tena. Timu ilikaa miaka 13 mpaka iliporudi mwaka 2025, ikiwa na watu wengine kabisa.

Kwa hiyo anayesema "hawa hawafiki popote" na anayesema "hawa tayari mabingwa" wote wawili wanasema wasilolijua.

Sisi wa Tanzania tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alikuwa ameanza mchezo ule akiwa na miaka kama 15. Stephen Curry mwaka ule alichaguliwa wa saba. Basi tukamtwisha Thabeet mzigo wa nchi nzima. Alipokosa kung'ara kama tulivyotarajia, wapo waliogeuza sifa zikawa mzaha. Alicheza katika ligi ile mpaka 2014, na timu yake ya mwisho huko ilikuwa hiyo hiyo Oklahoma City. Baadaye akacheza Japani na Taiwan. Mtu aliyeanza mpira akiwa na miaka 15 katika nchi isiyo na viwanja vya kutosha, akafika kwenye ligi kubwa kuliko zote duniani, tunamcheka kwa lipi?

Sasa, je, nasema vijana wasibishane? La, hasha. Mjadala wa michezo ni burudani na pia unanoa akili. Kijana anayeweza kueleza kwa nini timu fulani inafungwa sana katika robo ya mwisho anajifunza kutoa hoja. Lakini naomba tuzingatie mambo matatu.

Kwanza, tuzungumze kwa ujuzi. Ukisema timu ni mbovu, sema ni kwa sababu gani: haina mrefu, inapoteza mipira, wachezaji wake hawajazoeana. Kelele si hoja.

Pili, tusifanye dhihaka. Katika Surat Hujuraat tumekatazwa watu kuwadharau wenzao, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Tusidhani katazo hilo linaishia mlangoni mwa msikiti. Ulimi unaozoea kumdhihaki mchezaji wa mbali, kesho utamdhihaki mwanafunzi wa jirani.

Tatu, tusiweke fedha. Mkeka ni kamari, na kamari ni haramu hata ikiwa ni ya shilingi mia moja na hata ikifanyika kwenye simu. Pia inaharibu mjadala wenyewe. Mtu akishaweka fedha hasikilizi tena hoja ya mwenzake, anaitazama elfu kumi yake tu. Na mara nyingi si yake, ni ya mama.

Nimesema kwamba yule kijana wa barazani nilikuwa namfahamu. Sasa niseme namna nilivyomfahamu, ijapokuwa naona haya. Miaka mitatu kabla ya usiku ule alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa mzito wa kuhifadhi. Siku moja, mbele ya darasa zima, nilimwambia, "Wewe hata Juzuu Amma hutaimaliza." Wenzake walicheka, kama walivyocheka barazani. Akaacha kuja madrasa karibu mwaka mzima, mpaka mama yake alipokuja kunibembeleza mimi, na ilinipasa mimi nimbembeleze yeye. Juzuu Amma aliimaliza. Siku hizi ndiye anayewasomesha watoto wadogo hapa hapa madrasani siku za Jumamosi, na sijamsikia hata mara moja akimwambia mtoto kuwa hataweza.

Aliposema "mnamhukumu vipi mtu ambaye bado anajifunza", wenzake walidhani anazungumza habari za Oklahoma tu. Mimi nilijua ananiambia na mimi pia. Kesho yake nilimwita nikamtaka radhi. Akasema, "Yameshapita hayo, Maalim."

Wazazi na walezi, kila mwaka mpya wa masomo ni msimu mpya. Matokeo ya mwaka jana yasomeni, kwani mechi 24 ni mechi 24 na hazifichiki. Kisha mpeni mtoto mwalimu, muda na nafasi ya kucheza. Nanyi wanafunzi, msimu ukianza bishaneni kwa adabu, na ikifika saa ya kulala, laleni. Alfajiri haimsubiri shabiki.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazojenga, na awakuze vijana wetu katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiiq.